Chanzo cha Ugonjwa: Jina Kamili na Cheo

Nchi hii ipo, msomaji, wala usiwe na shaka. Ni jina lake tu lisilotajwa bila kibali, na kibali hutolewa kila Jumanne na ofisi ambayo Jumanne haifunguliwi. Basi tuiite nchi tu, tusije tukaponzwa na herufi chache.

Nchi hiyo ilikuwa na Mlezi Mkuu, Mlezi Mkuu alikuwa na uso, na uso ulikuwa na kiwanda. Kiwanda cha Taifa cha Nyuso kilichonga sanamu za mawe za kichwa cha Mheshimiwa: moja kwa kila ofisi, kila shule, kila soko na kila kisima, ili mwananchi asiteke maji peke yake. Kilikuwa na Idara ya Paji, Idara ya Pua, Idara ya Masikio na Idara ya Mashavu. Mashavu ndiyo yaliyokuwa na kazi kubwa, kwa sababu Mlezi Mkuu alizidi kunawiri, na kila mwaka sanamu zote zilichongwa upya zimfikie. Yalisuguliwa kwa mashine mpaka yang'ae, na vumbi lake jeupe lilitanda humo ndani tangu asubuhi hadi jioni. Kitambaa cha kuziba pua kilipigwa marufuku, maana kuziba pua mbele ya uso wa Mheshimiwa ni sawa na kusema ananuka.

Pembeni mwa kiwanda kulikuwa na zahanati ya chumba kimoja, na humo alikaa Nesi Mwanaidi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye mwandiko wa kusifiwa, na mwoga. Hilo tuliseme wazi. Aliogopa bahasha za kaki, aliogopa simu ya mezani ikilia mara moja na kunyamaza, aliogopa gari likipunguza mwendo karibu na nyumba yake. Usimcheke. Katika nchi ile uoga haukuwa aibu, ndiyo ilikuwa akili yenyewe, na wasiokuwa nayo walishasahaulika majina.

Alichokiogopa kuliko vyote ni Sheria ya Kuripoti Maradhi ya Kazini. Ilikuwa sheria nzuri mno, hata wageni waliisifu. Ilisema kwamba mganga au nesi akiona ugonjwa ulioletwa na kazi, ni lazima auripoti kwa Wizara ya Afya ndani ya siku tatu, na asiporipoti afungwe miaka mitatu. Mchana huohuo ilipopitishwa, kwa kuwa waheshimiwa wabunge walikuwa bado hawajainuka vitini, walipitisha na sheria ya pili: atakayesambaza habari za kuvunjia heshima viwanda vya taifa afungwe miaka mitano. Manesi wa nchi nzima walikaa wakapiga hesabu. Mitatu ni pungufu ya mitano.

Ndiyo maana kwa miaka kumi na moja hakuna taarifa hata moja iliyofika Wizarani. Kila mwaka nchi ilisherehekea Siku ya Sifuri, Mlezi Mkuu akakata keki ya mviringo yenye tundu katikati, na watu wakaambiwa kwamba duniani kote hakuna wafanyakazi wenye afya kama wao. Kule zahanati Nesi Mwanaidi aliandika "mafua". Fundi wa Masikio aliyekonda akabaki mifupa, mafua. Mzee wa Idara ya Pua aliyetema damu kwenye leso, mafua. Wakifa, alimalizia kwa mwandiko wake mzuri: mafua makali. Akifika nyumbani alinawa mikono muda mrefu, na hofu haikutoka.

Halafu asubuhi moja akaingia mdogo wake, Mbaruku.

Mbaruku alikuwa msuguaji wa Mashavu kwa miaka sita. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, na ngazi tatu za zahanati alizipanda kwa kupumzika mara mbili.

"Dada, niandikie mafua basi, zamu inaanza."

"Vua shati."

"Nitachelewa, dada. Juzi wamemkata mtu posho."

"Mbaruku, nimesema vua shati."

Akamsikiliza kifua. Ndani mlikuwa na sauti ambayo alishaisikia kwa wengine wengi, lakini hao wengine hakuwa amewabeba mgongoni walipokuwa wadogo. Jumapili iliyofuata akamvusha mto kwenda nchi jirani, ambako mapafu yanaruhusiwa kuugua, akapigwa picha ya kifua. Daktari wa kule aliishika picha dirishani, akatazama, akamvuta Mwanaidi pembeni.

"Huyu mawe yameshaingia mapafuni," alisema. "Akitoka kwenye vumbi sasa hivi, ataishi. Akirudi, mwaka hautaisha."

Kusema ni rahisi ukiwa ng'ambo ya mto. Kuacha kazi Mashavu kulihesabiwa kuwa ni kumpa Mlezi Mkuu kisogo, na waliojaribu walirudishwa na askari wakasugua wakiwa na pingu za miguuni. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa ndani ya sheria ileile. Kifungu cha tisa kilisema kwamba mfanyakazi aliyeripotiwa kwa fomu ataondolewa kazini siku hiyohiyo, na hatarudi. Mwanaidi alikisoma kifungu hicho jikoni, chooni, na katikati ya sala. Alitamani kisiwepo. Kingekuwa hakipo, angelia tu kama dada yeyote, asingelazimika kufanya kitu.

Fomu ilikuwepo moja. Ilitundikwa kwenye ukuta wa zahanati ndani ya fremu yenye kioo, ili wakaguzi wakija waone kwamba fomu zipo. Siku ya Jumatano, saa ya chakula, wakati kiwanda kizima kimekwenda kula, Mwanaidi alifunga mlango, akapanda kwenye kiti, akaiteremsha. Ukutani pakabaki alama nyeupe ya pembe nne, na alama hiyo ilimtisha hata akatundika kalenda juu yake.

Jina la mgonjwa aliandika. Umri aliandika. Kwenye sehemu ya maelezo alieleza kwa mistari miwili: kifua kimejaa vumbi la mawe. Kisha akafika kwenye kisanduku kilichosema: "Chanzo cha ugonjwa. Taja jina kamili, cheo na makazi." Walioitunga fomu hawakutaka kuumiza vichwa, waliichukua ile ya kipindupindu, inayouliza nani kamwambukiza nani, wakabadilisha kichwa cha habari.

Chanzo kilikuwa vumbi la sanamu za Mlezi Mkuu. Hilo hata mashine zilijua. Lakini nchini mle kulikuwa na Kanuni ya Adabu ya Maandishi, na watoto walifundishwa kabla ya kujifunza kuhesabu: neno lolote linalomhusu Mheshimiwa ni lazima litanguliwe na Mheshimiwa mwenyewe, pamoja na vyeo vyake vyote kumi na kimoja, bila kuruka hata kimoja. Hata mwenye kuandika barua kwamba sanamu ya sokoni imeangukiwa na kunguru alianza na vyeo. Kwa hiyo Mwanaidi akaanza, kama alivyofundishwa, kwa herufi ndogo kadiri alivyoweza: Mheshimiwa Mlezi Mkuu, Mshika Usukani wa Kwanza na wa Mwisho, Kivuli cha Waliochoka, Mpanzi wa Amani, Daktari wa Madaktari, na kadhalika mpaka cha kumi na moja. Alipoinua kalamu aandike "vumbi la sanamu zake", kisanduku kilikuwa kimejaa.

Alikaa akakitazama. Chini ya kisanduku palichapishwa: "Ni kosa kuandika nje ya mstari." Palichapishwa pia: "Ni kosa kufuta." Fomu nyingine haikuwepo. Mwishowe akajituliza kwamba maelezo yapo hapo juu, mistari miwili, vumbi la mawe limetajwa, na mtu yeyote mwenye macho akiisoma fomu nzima ataelewa. Kwa nesi yule mwoga hilo ndilo lilikuwa kosa pekee la ujasiri: alidhani itasomwa.

Kesho yake asubuhi aliipeleka Wizarani. Dirisha la Taarifa lilikuwa limehifadhi mifagio kwa miaka kumi na moja. Karani wake alishtuka kuona mtu. Alitafuta mhuri, akaukuta umekauka, akautemea mate.

"Samahani, mwanangu," Mwanaidi alisema kwa sauti ndogo. "Hutaisoma?"

"Mimi wa kugonga, mama. Kusoma ni ngazi ya nane."

"Na ngazi ya nane yupo?"

"Yupo likizo, mama, tangu nimeajiriwa." Akagonga. Akagonga na nakala zake, moja ya kiwanda, moja ya polisi, moja ya kabatini, kila moja ikiwa na amri iliyokwisha kuchapishwa tayari: mgonjwa aondolewe kazini leo, na chanzo kitengwe siku arobaini mahali kilipo, kisiguse wala kuguswa.

Mwanaidi alirudi nyumbani akapanga mfuko wa jela. Kanga mbili, sabuni, mswaki, dawa ya kichwa. Aliuweka nyuma ya mlango na kukaa karibu nao. Kila gari lililopita mtaani lilimpita tumboni kwanza. Hakuweza kula, hakuweza kufua, hata jirani alipokuja kuazima ungo alimfungulia akiwa amenyoosha mikono yote miwili mbele kwa ajili ya pingu.

Lakini gari halikuja. Aliyekuja ni Mbaruku, saa nane mchana, akiwa na barua mkononi.

"Dada, wamenitoa," alisema, na macho yalikuwa yamemtoka. "Meneja mwenyewe kanifungulia geti. Hakunitazama usoni. Alikuwa anatetemeka kama ana homa. Umefanya nini?"

"Ingia ndani," Mwanaidi alimjibu. "Ingia ndani haraka, funga mlango."

Alichofanya alikuja kukijua kesho yake. Kamanda wa Polisi wa jiji alikuwa ameipokea nakala yake, akaisoma mara nne amekaa na mara mbili amesimama. Alitaka kumuuliza mkubwa wake, lakini mkubwa wake pekee ndiye aliyetajwa kwenye karatasi. Kutotii mhuri ni kosa la kunyongwa, na mhuri ulikuwa pale mezani, bado unanuka mate. Kamanda akapiga saluti kwa karatasi, akachukua askari mia mbili na kamba, akaenda kuizungushia Ikulu.

"Nina nini?" Mlezi Mkuu aliuliza kupitia dirisha. Alikuwa mtu asiyeogopa chochote isipokuwa maradhi. Alinawa mikono kabla ya kunawa mikono.

"Huna kitu, Mheshimiwa," Kamanda alisema huku akilia. "Wewe ndiye chanzo."

Mlezi Mkuu alijitazama viganja, akarudi nyuma polepole, akafunga dirisha mwenyewe. Tangu siku hiyo alisukumiwa chakula chini ya mlango kwenye sahani ya bati. Mawaziri waliopata kumshika mkono walijisugua kwa majivu. Redio ya Taifa ilitangaza kwamba Mheshimiwa ameamua kwa hiari yake kukaa karibu zaidi na nafsi yake, na ikapiga nyimbo za maendeleo siku nzima.

Nchi nzima iliingiwa na baridi. Watu waliacha kupumua kwa nguvu mbele ya sanamu. Nesi Mwanaidi, aliyeijua sababu, hakuwa na usingizi wala njaa wala sauti. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na jambo ambalo hakuweza kulizuia lisimfurahishe. Siku ya saba Mbaruku alimaliza sahani nzima ya ugali na maharage. Siku ya kumi na moja alitoka mpaka uani akarudi bila kushika ukuta. Siku ya kumi na tano alicheka, akakohoa, halafu akacheka tena. Mwanaidi alikuwa akimtazama kwa furaha na hofu zilizochanganyika hata hakuweza kuzitenganisha, na alijiambia kwamba hata wakija kumchukua leo, kijana ameshaonja hewa.

Walikuja siku ya kumi na tisa, saa kumi alasiri. Gari lenye vioo vyeusi lilipunguza mwendo, na safari hii lilisimama.

Mbaruku alijificha nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Aliyeingia mbele ni Bwana Gervas Kilindo, Katibu wa Wizara ya Afya, mtu mpole mwenye sauti ya kunyenyekea. Nyuma yake alikuwa Bwana Ludovick, Meneja wa kiwanda, amelowa jasho mpaka kwenye tai, na mwandishi mmoja mwenye daftari. Hawakutaka chai.

"Nesi, sisi hatujaja kugombana," Katibu alianza. "Sheria imefanya kazi yake, tunajivunia. Shida ni ndogo tu. Mheshimiwa amechoka na sahani ya bati."

"Mkuu, mimi nilimaanisha vumbi," Mwanaidi alisema, na meno yaligongana. "Juu pale nimeandika. Vumbi."

"Tumesoma. Ngazi ya nane amerudishwa kutoka likizo kwa ajili hiyo." Akatoa kitambaa akajipangusa shingo. "Lakini mhuri ukishagongwa haufutiki. Kwa mujibu wa sheria, kabla ya siku arobaini kutengwa kunaisha kwa njia mbili. Ama mgonjwa apone. Je, atapona?"

"Mawe hayatoki, mkuu. Asipovuta mengine atakuwa hai tu."

"Basi hiyo haitufai. Njia ya pili, ionekane kwamba mgonjwa hakuwepo." Akaweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja. "Kiwandani ameshafutwa. Shuleni kwake ameshafutwa. Mkunga aliyemzalisha amekumbuka vizuri zaidi. Umebaki wewe."

Karatasi ilisema: Mimi Mwanaidi binti Shekue natamka kwa akili timamu kwamba sina ndugu wa kiume aitwaye Mbaruku, sijawahi kuwa naye, wala mama yetu hakumzaa. Mwandishi aliiegemea, akaona dosari, akakata "yetu" na kuandika "yangu".

Mwanaidi aliisoma hadi mwisho. "Nisiposaini?"

"Basi yupo," Katibu alisema kwa huruma. "Na kama yupo, itabidi aonekane mzima. Na namna ya kumwonyesha mzima ni kumrudisha Mashavuni, afanye kazi mbele ya waandishi wa habari, mpaka kila mtu aridhike. Ukisaini, hatarudi kamwe. Hakuna kiwanda kinachoajiri mtu ambaye hayupo. Hiyo, Nesi, ni bahati, na tafadhali usiwaambie wenzake, maana wote watataka."

Meneja Ludovick alitikisa kichwa kukubali, akitazama viatu vyake.

"Na hospitali?" Mwanaidi aliuliza. "Kifua kile kitataka dawa. Akizidiwa, nimpeleke wapi?"

"Nani?" Katibu aliuliza.

Hakumwuliza kwa ukali. Alimwuliza kama mtu aliyesahau kweli, na hapo ndipo Mwanaidi alipoogopa kuliko siku zote za maisha yake. Bahasha za kaki, simu, magari, yote yale yalikuwa uoga wa kujifunzia. Aliona mbele yake mtu anayekohoa ambaye hakuna daktari atakayemsikia, homa isiyo na jina la kuandikwa, na siku ya mwisho, kaburi ambalo mchimbaji ataulizwa amechimba kwa ajili ya nani.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kutoka chini, na kilipokwisha kikaanza tena. Wanaume watatu walitazama dari.

"Paka," Meneja alisema.

"Andika paka," Katibu alimwambia mwandishi.

"Dada," sauti ya Mbaruku ilitoka kule nyuma, nyembamba lakini imetulia. "Saini."

"Umesema kitu, Nesi?" Katibu aliuliza, na jasho lilikuwa limeanza kumtiririka na yeye. Ndipo Mwanaidi alipotambua kwamba mtu huyu mpole alikuwa anaogopa, kwamba Meneja alikuwa anaogopa, mwandishi anaogopa, na kule Ikulu mwenye sahani ya bati naye anaogopa, na hofu yao wote ilikuwa imesukumwa kutoka ngazi hadi ngazi mpaka imefika kwenye meza yake, kwa sababu chini yake hapakuwa na mtu mwingine wa kusukumiwa ila mgonjwa.

"Sijasema kitu, mkuu," alisema.

Akachukua kalamu. Mwandiko wake ule wa kusifiwa haukuonekana popote. Aliandika jina lake, tarehe, na pale palipoulizwa idadi ya ndugu, sifuri. Katibu alipuliza wino ukauke, akakunja karatasi mara nne, akamshukuru kwa uzalendo. Mlangoni aliinama kidogo kuelekea kwenye pazia, kama mtu anayeaga, kisha akakumbuka, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Gari lilikuwa halijapinda kona wakati redio ya jirani ilipopaza sauti. Mheshimiwa Mlezi Mkuu, Mshika Usukani wa Kwanza na wa Mwisho, na kadhalika, amerejea kutoka kwenye nafsi yake akiwa na afya kuliko alivyoingia. Uchunguzi umethibitisha kwamba kwa mwaka wa kumi na mbili mfululizo hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyepatwa na ugonjwa wa kazini. Siku ya Sifuri itasherehekewa kama kawaida. Mtaa mzima ulipiga makofi, kila mtu mlangoni kwake, akihakikisha jirani anamwona.

Mwanaidi naye alitoka akapiga makofi. Alipoona wengine wameacha, aliingia ndani, akateremsha komeo, akafunua pazia. Mbaruku alikuwa amekaa kitandani nyuma ya pazia, mikono katikati ya magoti, akivuta pumzi kwa hesabu kama daktari wa ng'ambo alivyomfundisha. Alimtazama dada yake. Uso wake haukuwa na lawama, ulikuwa na swali tu.

"Dada," alisema, "bado nikuite dada?"

Mwanaidi aligeuka kwanza kutazama dirisha. Lilikuwa limefungwa. Akasogea, akapiga magoti mbele yake, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Niite," alimwambia. "Ila polepole."